Mbwa, Paka na Mwalimu Wao

Katika wanyama wote waliopata kukaa na binadamu chini ya paa moja, au karibu na paa hilo, wawili hupelekwa mbele ya hukumu yake kila siku: mbwa na paka. Mbwa husifiwa kwa utii na uaminifu. Paka hushitakiwa kwa kiburi, wizi na kutojua fadhili. Hukumu hii hutolewa upesi, na hakimu wake ni mtu ambaye aghalabu hajapata kumtazama hata mmoja wa washitakiwa kwa saa nzima. Tena hutolewa kwa sheria moja tu, nayo ni sheria ya mbwa. Mnyama aitikaye akiitwa, ajaye mbio, atikisaye mkia na alalaye kizingitini kumngoja bwana wake, huyo ni mwema. Asiyefanya hivyo ana ila. Lau paka angekuwa ndiye mtunga sheria, mbwa angeonekana mnyama asiye na haya, apigaye kelele usiku, ajipendekezaye kwa kila mwenye mfupa, na asiyejua hata kufukia uchafu wake.

Pwani ya Afrika ya Mashariki jambo hili lina sura ya ajabu kidogo. Huko mbwa, ambaye watu wote wakubali kwamba hufundishika, hukaa nje. Na paka, ambaye husemwa hafundishiki, huingia mpaka chumbani. Sababu ya kwanza ni sheria ya dini. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Paka amesamehewa. Hadithi ijulikanayo sana yaeleza jinsi Abu Qatada alivyomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kwa kuwa paka ni katika wale wazungukao majumbani mwa watu.

Walakini sheria iyo hiyo iliyomweka mbwa nje ya nyumba ilimtazama kwa makini kuliko wengi wa wapenzi wake. Qurani yaruhusu kula windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa; basi wanazuoni walilazimika kujibu swali ambalo mabingwa wa elimu ya wanyama walikuja kuliuliza karne nyingi baadaye: mnyama aliyefunzwa ni yupi? Jibu la mafakihi wa Kishafi, kama lilivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, mtu wa karne ya 13, ni fupi na la kutosheleza. Akitumwa aende, akizuiwa akome, akikamata asile, na mambo hayo yarudiwe hata idhaniwe kuwa yamekuwa desturi yake. Sharti la mwisho ndilo lenye hekima kubwa. Mara moja si mafunzo. Huenda ikawa bahati, au huenda mbwa alikuwa ameshiba.

Kwa paka hakuna aliyetunga masharti. Hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870, yasimulia paka wa sultani aliyeanza kwa windo dogo, akapanda hata ndama na wanyama wakubwa zaidi, na mwisho akageuka nunda mla watu, asiwaachie hata wana wa sultani mwenyewe. Wasimulizi huieleza kama hadithi ya ubaya wa paka. Lakini aisomaye tena huona kwamba katika kila hatua watu walikwenda kumpasha habari sultani, na kila mara sultani alimwacha paka wake afanye apendavyo. Wahenga walionena kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia walikuwa wamekwisha kuona kwamba tabia ya mnyama ina mkono wa bwana wake ndani yake. Haikuwapitia kumtendea paka haki hiyo hiyo.

Hitilafu ya wawili hawa ni ya kale kuliko nyumba za watu. Mbwa ni mzao wa mbwa mwitu, mnyama wa jamii, awindaye pamoja na wenziwe windo kubwa kuliko mwili wake mwenyewe. Mnyama wa namna hiyo hawezi kuishi bila ya kuwaangalia wengine: nani akimbia mbele, nani azunguka, nani ameudhika, nani aanze kula. Kuisoma sura ya mwenziwe ni riziki yake. Huko Bonn-Oberkassel, katika Ujerumani, ilifukuliwa mifupa ya mbwa mchanga aliyezikwa pamoja na watu yapata miaka 14,000 iliyopita. Meno yake yaonyesha kwamba aliugua sana kabla ya kufa, na kwamba asingaliweza kuishi majuma yale ya ugonjwa bila ya mtu kumlisha na kumnywesha. Mbwa mgonjwa hana kazi awezayo kufanya. Yaelekea, basi, kwamba watu wale walikuwa wamekwisha kumpenda bure.

Paka ametoka kwingine. Uchunguzi wa nasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulithibitisha kwamba paka wote wa majumbani, wa Lamu na wa London, ni wazao wa pakamwitu wa jamii iitwayo Felis lybica, wa nchi za Mashariki ya Karibu. Na ndugu zake wangali wakizunguka katika mbuga za Afrika ya Mashariki hata leo, wembamba, wa rangi ya mchanga, wenye milia hafifu miguuni. Huyu huwinda peke yake. Panya mmoja hutosha kinywa kimoja. Ukimwita mwenzio kukusaidia, umempa nusu ya chakula. Binadamu alipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja kwa nafaka, na paka wakaja kwa panya. Hakuitwa na mtu wala hakutiwa kamba. Kaburi la kisiwa cha Saiprasi, lenye umri wa miaka kama 9,500, lina mifupa ya mtu na ya paka iliyolazwa karibu karibu. Na kwa kuwa kisiwa hicho hakikuwa na pakamwitu wa asili, hapana budi wazazi wa paka yule walivushwa bahari kwa chombo.

Tangu hapo kazi zao zilitofautiana. Mbwa aliajiriwa kuchunga, kulinda na kuwinda, nazo ni kazi za kupokea amri. Katika vizazi vingi watu walimweka aliyesikia na kumwondoa asiyesikia. Paka alipewa kazi moja ambayo amri yaiharibu: hakuna aliyepata kumwamuru paka akamate panya, na mtu akisimama karibu kumsimamia, panya hatoki. Kwa hiyo hakuna aliyewachagua paka kwa usikivu wao. Kumlaumu paka kwa kutotii ni kama kumlaumu mvuvi hodari kwa kutojua kupanda mnazi. Kazi yake haikumtaka.

Elimu ya mafunzo ya wanyama, kama ijulikanavyo leo, ilianza kwa wanyama hawa wawili wenyewe. Mwaka 1898 Mmarekani kijana, Edward Thorndike, alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York juu ya akili za wanyama. Zama zile vitabu vilijaa visa vya mbwa wenye busara na paka wafunguao milango kama watu, na Thorndike alichoshwa navyo. Mbwa hupotea mara mamia, alilalamika, na hakuna atiaye kalamu wino. Lakini mmoja akiiona njia ya kurudi kwao, kisa chake huenea mji mzima. Akaunda vizimba vya mbao, kila kimoja na komeo lake: kimoja hufunguka kwa kuvutwa kitanzi cha kamba, kingine kwa kukanyagwa kibao, kingine kwa kugeuzwa kigingi. Ndani alitia paka mwenye njaa, na nje akaweka kipande cha samaki. Paka alikwaruza, akauma, akapenyeza mikono katika kila upenyo, mpaka kwa bahati akaligusa komeo na mlango ukafunguka. Alipotiwa mara ya pili, ya tano, ya ishirini, muda ulipungua. Wala haukupungua ghafula, kama mtu aliyefumbua kitendawili, bali kidogo kidogo, kwa kupanda na kushuka. Kwa hayo Thorndike alipata kanuni kwamba tendo lifuatwalo na raha hujikita na lifuatwalo na udhia hufifia, na kanuni hiyo ndiyo msingi wa mafunzo ya wanyama mpaka sasa.

Lakini mna mambo mawili katika tasnifu ile ambayo wasomaji wengi huyapita mbio. La kwanza ni kwamba paka hawakufanya kazi kwa ajili ya samaki. Thorndike mwenyewe aliona kwamba paka, hata wenye njaa kali, hawakukijali sana chakula kilicho nje. Walishindana na kifungo. Mbwa wake, kinyume chake, hawakuudhika sana na kizimba. Walitulia, wakakitazama chakula, na jitihada zao zote zilielekea upande ule kilipowekwa. Mmoja alitaka uhuru, mwingine alitaka nyama. Mtu akiwapa wote wawili zawadi moja na kuwapima kwa saa moja, amepima vitu viwili visivyofanana.

La pili ni kuhusu kujilamba. Kulikuwa na kizimba kimoja kisicho na komeo la kuguswa. Thorndike alimfungulia paka mlango kila alipojilamba. Paka walijifunza, lakini tendo lenyewe lilidhoofika siku hata siku, mpaka likabaki kama ishara tu: ulimi kidogo juu ya manyoya, na macho mlangoni. Tendo ambalo kwa asili yake ni la usafi lilikuwa halifai kuwa ufunguo, na mnyama alilitoa kwa shingo upande. Wataalamu wa baadaye walikuja kuona kwamba hilo ndilo shina la jambo. Kila mnyama ana matendo ambayo tayari yameelekea zawadi fulani, na mengine ambayo hayaelekei. Mwalimu asiyeyajua hayo hujikuta ashindana na maumbile.

Kisa kilichofuata chastahili kusimuliwa kwa urefu, maana ni nadra wanafunzi wa elimu kufundishwa unyenyekevu na paka. Mwaka 1946 Edwin Guthrie na George Horton, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, walichapisha kitabu juu ya paka katika kizimba. Kizimba chao kilikuwa na kioo mbele, na katikati yake mti mwembamba uliosimama. Paka akiuinamisha mti huo kwa namna yoyote ile, mlango hufunguka, na picha yake hupigwa papo hapo. Mabwana hawa waliketi mbele ya kioo wakitazama, mara mamia. Wakaona jambo la kupendeza mno: kila paka alikuwa na mwendo wake, akiusugua mti kwa ubavu, au kwa shavu, au kwa mgongo, na akaurudia mwendo huo karibu bila badiliko. Wakakata shauri kwamba mnyama hujifunza mwendo, hajifunzi matokeo. Tendo la mwisho kabla ya mlango kufunguka ndilo lishikwalo na mwili. Nadharia hii ilifundishwa vyuoni kwa miaka mingi, na picha zile zilionyeshwa kuwa ni ushahidi.

Mwaka 1979 Bruce Moore na Susan Stuttard, katika Kanada, waliwatia paka katika kizimba cha namna ile ile, ila mti wao haukufungua chochote, wala hapakuwa na zawadi. Mtu alipokuwa mbele ya kioo, paka waliusugua mti vile vile kama wa Guthrie. Mtu alipojificha, hawakuusugua. Ajuaye paka hahitaji kuelezwa zaidi. Paka amwonapo mtu amjuaye, au atakaye kumjua, hujisugua kwake. Na asipoweza kumfikia, hujisugua kwa kitu kilicho karibu, mguu wa kiti au kizingiti cha mlango, huku akimwelekea yeye. Ni maamkio. Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini elimu ilikuwa imeandika kwa makini, pamoja na picha, jinsi paka walivyokuwa wakiwaamkia maprofesa, na maprofesa hawakuitika.

Kosa lile lisingalitokea kwa mbwa. Maamkio ya mbwa hayana fumbo: huja mwili mzima, kwa kishindo, na mtu hata akigeuza uso huyaona. Ndiyo maana mbwa hudhaniwa mwenye upendo mwingi. Upendo wake, kwa hakika, si wa kubuniwa. Wataalamu wa Kijapani walieleza mwaka 2015 kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni kwa muda, miilini mwa wote wawili huzidi oksitosini, kile kimiminiko ambacho kwa mama mzazi husaidia kumfunga kwa mtoto wake. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hayo. Na uchunguzi wa wataalamu wa Hungaria, uliochapishwa mwaka 2005, uliwaweka mbwa na paka katika mtihani mmoja. Wote wawili walifuata kidole cha mtu kilipoonyesha bakuli lenye chakula. Kwa hiyo paka si mjinga wa ishara. Kisha wakapewa chakula ambacho hakuna njia ya kukitoa. Mbwa walijaribu kidogo, wakageuka kumtazama mtu. Paka waliendelea kujaribu wenyewe, na kumtazama mtu kulikuwa kuchache. Mwenye kutaka kuzijua tofauti zao zote angeweza kuanzia hapo: palipo na mlango usiofunguka, mmoja hutazama uso wa mtu, mwingine hutazama mlango.

Kwa sababu hiyo amfunzaye mbwa huikuta kazi imekwisha kufanywa nusu. Mwanafunzi wake ameketi mbele yake na macho yake yamo usoni pake. Neno zuri, mkono kichwani, kipande cha mkate, vyote ni ujira. Karibu na Arusha, huko Usa River, kipo kituo kilichofunza mbwa wa kunusa pembe za ndovu zifichwazo katika mizigo bandarini na viwanjani vya ndege, na kazi yote hiyo, yenye faida kubwa kwa nchi, mbwa huiona kuwa ni mchezo: akipata harufu huketi, na akiketi hupewa mpira wake.

Lakini wepesi huo ndio umponzao mbwa. Kwa kuwa hutii upesi, bwana wake hudhani kwamba ameyaelewa maadili. Arudipo nyumbani akakuta kiatu kimetafunwa, na mbwa ameinamisha kichwa, amefyata mkia, macho yametazama kando, husema, "Ajua kosa lake," na huchukua fimbo. Alexandra Horowitz, mjini New York, alilipima jambo hilo katika uchunguzi uliotoka mwaka 2009. Mbwa walikatazwa kula kipande cha chakula, na bwana zao wakatoka; waliporudi wengine waliambiwa habari za kweli na wengine za uongo. Sura ile ya majuto haikuwa na uhusiano na kosa. Ilitokea mbwa alipokaripiwa, na mbwa walioonekana wenye majuto makubwa zaidi walikuwa ni wale walioonewa, ambao hawakukila kile chakula. Sura ile ni ya hofu, si ya toba. Fimbo ipigwayo saa moja baada ya tendo humfundisha mbwa jambo moja tu, kwamba kurudi kwa bwana ni hatari. Na akipigwa hurudi kuulamba mkono uliompiga, maana hana jamii nyingine ya kukimbilia. Watu huliita hilo msamaha, na hupiga tena.

Paka hapigwi mara mbili kwa njia hiyo. Akipigwa hukimbia, hupanda juu ya kabati, na tangu siku ile huujua mkono ule. Hakuhusisha pigo na samaki aliyeibwa. Amelihusisha na mpigaji. Usiku samaki atachukuliwa tena, ila kwa hadhari zaidi. Basi kwa paka adhabu haina hata ile faida ndogo ya udanganyifu iliyo nayo kwa mbwa, ambaye walau huonekana ametubu.

Husemwa pia kwamba paka haitiki akiitwa kwa sababu hajui kuwa aitwa. Wataalamu wa Japani waliwasikilizisha paka sauti za wageni na sauti ya bwana wao kwa zamu, bila ya mtu kuonekana. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba paka waliitambua sauti ya bwana wao. Waligeuza masikio, wakageuza kichwa. Hawakuinuka. Miaka sita baadaye uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba waweza kulipambanua jina lao na maneno mengine yanayolifanana. Paka husikia na huelewa. Ila katika nasaba yake hakuna babu aliyepata faida kwa kukimbia kila alipoitwa.

Lakini kama mtu atalitaka jambo hilo kwa njia yake, paka hujifunza, na hujifunza vizuri. Mwanzo wa yote ni umri. Paka mchanga ashikwaye na watu, kwa upole na kila siku, tangu juma la pili mpaka la saba la maisha yake, huwazoea watu kwa maisha yake yote. Akipitwa na majuma hayo porini au ghalani, kumfuga ni kazi ya subira ndefu. Dirisha la mbwa hufunguka juma la tatu na hukaa wazi mpaka juma la kumi na mbili hivi, ndiyo maana walioinyosha tabia ya mbwa akiwa amekwisha kuwa mkubwa kidogo hufanikiwa. Habari hizi za mbwa zilihakikishwa na John Paul Scott na John Fuller huko Bar Harbor, Marekani, katika kitabu chao cha mwaka 1965, na mmoja wa mbwa waliowachunguza alikuwa wa Afrika: basenji wa misitu ya Kongo, ambaye habweki kama wengine, na ambaye jina lake lina undugu na neno "washenzi". Watoto wa basenji katika juma la tano walikuwa wakali na waoga kuliko wenziwe wa Ulaya, wakiukimbia mkono na kuuma. Walipokwisha kushikwa majuma machache, walifugika upesi. Jina hilo, kama majina mengi ya dharau, lilikuwa limesema mengi juu ya waliolitoa.

Baada ya umri, huja ujira. Sifa tupu hazimtoshi paka. Yafaa apewe kipande cha samaki kidogo kama ukucha, papo kwa papo, na somo likome kabla hajachoka, yaani dakika tatu au nne. Tendo lenyewe lichaguliwe katika yale ayafanyayo kwa hiari. Yuri Kuklachev, ambaye mwaka 1990 alianzisha mjini Moscow jumba la michezo ya paka, hakuwalazimisha paka wake michezo ya mbwa. Alimtazama kila mmoja alichopenda, huyu kuruka, yule kujificha ndani ya chungu, akakifanya hicho kuwa mchezo. Wanaodhani kwamba mambo haya ni ya nchi za watu wenye wasaa, na waende Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000, panyabuku wamefunzwa kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi, kwa mlio mdogo wa kidude na kijiko cha ndizi iliyopondwa. Hakuna apigaye panya ili amfunze. Watu hawakumtazamia utii hata kidogo, na kwa kuwa hawakumtazamia, walitafuta njia ya kweli, wakaipata. Paka amekosa bahati hiyo kwa kukaa karibu mno na mbwa.

Yapo makosa madogo ya kila siku ambayo hutokana na kuisoma lugha ya mmoja kwa kamusi ya mwingine, nayo huwaumiza zaidi watoto. Mkia wa mbwa ukitikisika kwa ulegevu, aghalabu ni furaha. Wa paka ukipiga huku na huku, ni hasira inayokuja. Mbwa akilala chali mbele ya mtu amjuaye, mara nyingi ataka kukunwa tumbo. Paka akijinyosha chali hutoa heshima kubwa ya kuaminiana, na mtoto autiaye mkono tumboni pake hutoka na damu. Paka akwaruzaye mlango au kiti cha mgeni hafanyi inda; huvua magamba ya kucha zake na kuacha harufu yake. Kumkataza ni bure. Gogo la mnazi lililozungushiwa kamba ya katani au ya makumbi, likiwekwa pale pale alipozoea kukwaruza, humaliza ugomvi kwa gharama ya kamba.

Jambo moja katika haya si dogo hata kidogo. Kichaa cha mbwa kingali kikiua watu katika Afrika ya Mashariki, na karibu watu wote wafao kwacho duniani waliumwa na mbwa. Katika kila kumi waumwao na wanyama washukiwao, wanne hivi ni watoto wasiofika miaka kumi na mitano. Dawa ya kuuzuia ugonjwa yajulikana: wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia. Kisiwa cha Pemba kiliutokomeza kwa chanjo. Ukarudi mwaka 2016, ukatokomezwa tena mwaka 2018. Lakini chanjo hutolewa kwa mnyama awezaye kushikwa. Siku ya chanjo, chini ya mwembe wa shule au ofisi ya kijiji, mara nyingi ni watoto walio na mbwa kambani. Mbwa aliyezoezwa kamba na mkono tangu udogoni husimama, hutetemeka kidogo, huchomwa sindano, na huondoka. Yule ambaye mafunzo yake yote yalikuwa mawe na fimbo hafikishwi pale mwembeni. Huponyoka njiani, na huyo ndiye ambaye kijiji kilimhitaji achanjwe kuliko wote. Hakuna risasi wala sumu iliyopata kufanya kazi ya kamba ile. Mbwa wakiuawa, wengine wasiochanjwa huchukua nafasi zao, na wenye mbwa wazuri huwaficha wasionekane.

Paka naye huugua ugonjwa huo na huweza kuuambukiza, basi yafaa apelekwe. Lakini kamba kwake ni kizimba cha Thorndike: atapambana nayo mpaka damu itoke, yake au ya mchukuzi. Wengi humkimbiza uani asubuhi ile ile, wakamtia gunia kwa nguvu, na mwaka wa pili hawamwoni hata kivuli aonapo gunia. Njia nyingine huanza juma zima kabla. Kikapu cha ukindu chenye mfuniko huachwa wazi pembeni mwa chumba, pale apendapo kulala, na ndani yake hutiwa kitambaa chenye harufu ya nyumbani. Siku ya kwanza hukizunguka na kukinusa, asiingie. Siku ya pili kichwa cha dagaa huwekwa mlangoni mwa kikapu, siku ya tatu ndani kidogo, siku ya nne chini kabisa. Hakuna mtu amwitaye, wala amsukumaye, wala amtazamaye sana. Kufika siku ya chanjo paka huwa amekwisha kukifanya kikapu kuwa chake, na asubuhi mfuniko hufungwa taratibu, yeye akiwa ndani bado anakula.